Chora vibaya kwanza: programu za bure ninazotumia kuchorea skrini za apu

Kosa langu kubwa nilipoanza hii kazi ni kwamba nilikuwa naanza na rangi. Kuna mteja nilimpelekea skrini ya kulogin imenyooka kabisa, kitufe kina kivuli, fonti safi, tukamaliza kikao kizima tunabishana bluu iwe ya kukolea au iliyopauka, hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu akisahau nywila anaenda wapi. Developa ndo aliuliza, wiki mbili baadae, nikarudia karibu kila kitu.

Siku hizi naanza na Excalidraw. Inafunguka kwenye kivinjari bila akaunti na mistari yake inatoka imepindapinda kama ya mkono, na hapo ndo penyewe, maana mtu akiona mchoro umepinda anajua hii bado rasimu na haoni aibu kusema hapa sijaelewa. Kisanduku cha kijivu badala ya picha, mshale kwenda skrini inayofuata, basi. Halafu ukisevu kama PNG kuna sehemu ya kuchagua mchoro ubebwe humohumo ndani ya picha, iwashe, ukija kuirudisha Excalidraw unaendelea kuhariri kama kawaida. Ila ukiituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na mchoro wa ndani unapotea (niulize mimi).

Mkishakubaliana nini kinafuata nini, hamia Penpot kuchora skrini zenyewe. Hii nayo inatumika kwenye kivinjari, lisensi yake ni MPL 2.0, yaani ya programu huria, na ukitaka unaiweka kwenye seva yako mwenyewe kwa Docker (chombo cha kuendeshea programu kwenye seva). Adobe walipotangaza mwaka 2022 kwamba wanainunua Figma, programu maarufu ya kuchorea skrini, kwa dola bilioni 20, watu wengi walikuja kuijaribu Penpot, dili lenyewe likaja kufa Desemba 2023. Ninachoipendea Penpot ni mpangilio wake unafuata CSS (lugha ya kupangia muonekano wa kurasa za wavuti), flex ya kupanga vitu kwa mstari ilitangulia, na grid ya safu na nguzo ikaja kuanzia toleo la 2.0, kwahiyo nikibadilisha "Tuma" kuwa "Tuma maombi yako" kitufe kinajinyoosha chenyewe na vya pembeni vinasogea, na developa anaisoma CSS yake palepale bila kunipigia simu. Ubaya wake, faili likijaa skrini nyingi laptopu yangu inaanza kuhema, so nagawa, usajili faili lake, malipo faili lake.

Huna intaneti ya uhakika? Pencil ipo, unaiinstoli kwenye Linux, Windows au Mac, sura yake ya kizamani kweli lakini unaunganisha kurasa kwa linki na kutoa PDF. Inkscape, programu ya kuchora picha za vekta, mimi naiachia aikoni tu, kuchorea apu nzima humo ni kujitesa, haikutengenezwa kwa ajili ya kubonyeza kitufe ukaenda skrini nyingine.

Na hiyo "umesahau nywila" ichore kabla hujagusa rangi yoyote.