Injini mpya kwenye gari la zamani: kibali kwanza

Ndugu, unauliza kama unaweza kufunga injini kubwa kwenye gari lako la zamani halafu kibali ukitafute baadaye. Usithubutu. Muone mkaguzi wa magari kabla hujanunua chochote. Akikataa mpango hujapoteza kitu, akikataa gari lililokwisha kuchomelewa umeumia.

Namba ya injini ndiyo roho ya shughuli. Ipige picha isomeke, tunza risiti na nakala ya kadi ya gari ilikotoka, maana injini isiyo na asili hunuka wizi.

Kisha breki: nguvu ikiongezeka, mkaguzi atauliza utasimamaje. Moshi nao hupimwa, kwa hiyo chukua injini pamoja na ekzosi yake kamili, hata fundi akisema haina kazi (mafundi hupenda kusema hivyo).

Bima ijulishwe kwa maandishi.