Baba ananiuliza ana nini, kaka zangu wamenikataza kumjibu

*Shangazi, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, tuko Wete, Pemba. Mwaka mzima alikuwa akitokwa na damu akienda haja kubwa, akiambiwa bawasiri. Alipokonda na choo kumfunga ndipo tukapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kisha Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini. Ametolewa njia ya choo tumboni, anavaa mfuko, na karibuni ataanza dripu za dawa ya saratani. Kaka zangu wawili wameamua asiambiwe. Yeye anajua ana kidonda cha tumbo. Mkubwa yuko Muscat, anataka tuuze shamba la mikarafuu apelekwe India. Wa pili yuko Chake, huja Ijumaa. Mimi ndiye ninayelala naye na kumbadilisha mfuko. Msikitini ameacha kwenda, anaona ana najisi. Juzi usiku tunachambua karafuu ukumbini akaniambia: "Mwanangu, wewe hukujua kusema uongo tangu mdogo. Nina nini?" Nikasingizia moshi wa kuni, nikatoka. Nimjibu nini? — Mtoto wa mwisho, Wete.*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na Mola amfanyie wepesi mzee wetu.

Huo moshi wa kuni mzee kaujua. Karafuu mnachambua ukumbini, moshi unatoka wapi? Baba yako ameshakisia. Anachokuomba ni mtu wa kukaa naye kwenye hilo analolikisia, kwa sababu kila akisogea, nyinyi mnarudi nyuma.

Nakwambia hivi kwa kuwa dada yangu sisi tulimficha. Maradhi yake yalikuwa mengine, uongo ulikuwa huu huu: "vidonda vya tumbo", "ukila utapata nguvu", na mlangoni tunapeana ishara za macho kila mgeni akija kumtazama. Alipofariki tukafungua sanduku lake, tukakuta kanga kuukuu ina mafundo matatu kwenye pindo, kila fundo lina fedha. La kwanza lilikuwa na kikaratasi cha duka la jirani. La pili tulilitambua kwa hesabu, ilikuwa fungu lake la mchezo wa kupeana fedha, tukampelekea kijumbe anayekusanya. La tatu mpaka leo hatujui lilikuwa la nani. Tuliuliza mtaa mzima, mwisho tukalitoa sadaka kwa niaba ya huyo mwenyewe tusiyemjua. Miezi minne dada yangu alikuwa akifunga madeni yake peke yake usiku, na sisi tumelala chumba cha pili tukijisifu kuwa tumemkinga na hofu. Angetuambia fundo la nani, ingebidi tukiri kuwa anajua. Akatuhurumia, akanyamaza.

Ndiyo maana siungi mkono uamuzi wa kaka zako, ingawa najua umetoka kwenye mapenzi. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini walikuwa wakimsema mgonjwa. Watoto wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe hawakuwatungia methali, labda hawakuwahi kufikiria. Mtu mwenye shamba hasemi kwaheri na nafsi yake tu. Kuna wanaomdai, na kuna anaowadai yeye. Kuna mikarafuu yake na iliyo ya dada zake, na mpaka wake anaujua yeye. Kuna aliyegombana naye na angependa watakiane radhi. Kuna wasia, nao una sheria yake: hauzidi thuluthi ya mali, na mrithi hausiwi. Hayo yote yanataka mtu anayejua hali yake na ambaye akili bado imetulia, nanyi mnamlia siku zake nzuri kwa hadithi ya kidonda.

Kuhusu India, tazama mlipojifunga. Shamba ni la nani? La baba. Mtaliuzaje bila yeye, na mtamwambia mnauza kwa ajili ya kidonda gani?

Kabla ya kupiga hesabu za mikarafuu, mmoja wenu amuulize daktari maneno haya kama yalivyo: hii dawa ni ya kumponya, au ni ya kuyazuia maradhi na kumpa nafuu? Na madoa kwenye ini, yanakatika au hayakatiki? Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ndiyo maana saratani hii hupenda kwenda huko. Si kwa sababu mlimlisha vibaya wala hamkumwombea. Kwa wagonjwa wengine madoa huwa machache na hukatwa, na hapo safari ya mbali ina mazungumzo. Yakishaenea, mara nyingi kazi ya dripu ni kuyapunguza kasi, na kazi hiyo haibadiliki kwa kupanda ndege. Kaka yako wa Muscat anaumia kwa kuwa mbali, ndiyo maana anataka jambo kubwa. Mpe jambo la kufanya: nauli za boti na za Dar, mifuko isikatike, na ampigie baba kila jioni, azungumze naye habari yoyote isiyo ya hospitali.

Huyu wa Chake nina maneno naye. Kuamua anajua, kukesha hajui. Mwambie aje alale japo siku tatu kwa wiki, na kumsafisha mzee aifanye yeye. Sisemi wewe umekosea, dharura ni dharura. Lakini baba wa Kipemba kufunuliwa tumbo na binti yake kila asubuhi ni mtihani mwingine juu ya maradhi, na pengine ndio unaomnyamazisha mchana kutwa. Akikataa kuja kwa sababu ya kazi, mwambie: basi hizo zamu za usiku njoo umdanganye mwenyewe.

Swala isiwe sababu ya kumfungia ndani. Mwenye udhuru wa kudumu hupewa wepesi: wakati ukiingia hujisafisha kadiri anavyoweza, hutia udhu kwa ajili ya faradhi ile, akasali, na kinachotoka bila hiari yake hakimvunjii swala. Mwiteni sheikh wenu aje amwambie mwenyewe hapo barazani, maana kwako wewe atadhani unambembeleza. Mfuko ukimwagwa kabla hujajaa haumsumbui wala hautoi harufu.

Dripu zikianza, ulizeni dawa zake zinaitwaje na zina nini. Ipo moja itumikayo sana kwa saratani hii ambayo huufanya mwili ukatae baridi: akishika kopo la maji ya friji, vidole vinamchoma kama sindano, akinywa, koo linambana. Mpe maji ya uvuguvugu. Homa wakati wa dripu si ya kungoja asubuhi, ni ya hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo mfuko ukikaa mkavu, hautoi choo wala upepo, huku tumbo linavimba na anatapika. Maumivu yakizidi atapewa mofini ya maji. Watu watawatisha kuwa itamlevya kichwa au itamuua. Mpe kwa saa kama alivyoandikiwa, na mwombe daktari dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, maana mofini hufunga. Maji ya kombe la Qur'ani na dua havina ugomvi na hospitali. Mizizi ya kuchemshwa ndiyo yenye ugomvi, hasa kwa mtu mwenye ini bovu, msimpe bila daktari kujua. Na nyinyi watoto wake, mkifika miaka 40 nendeni mkapimwe utumbo kwa kamera, hata kama hamna damu wala maumivu.

Sasa lile uliloniuliza.

Wapigie kaka zako kwanza, kuwaarifu, si kuwaomba ruhusa. Kisha ngoja usiku, akiuliza tena, na atauliza. Usianze na ini wala na miezi. Miezi hata daktari haijui. Muulize: "Baba, wewe mwenyewe unajionaje?" Msikilize mpaka amalize. Halafu: "Unataka nikwambie yote niliyoyasikia, au niseme kidogo?" Akisema kidogo, mpe kidogo, ni haki yake. Akisema yote, mwambie: "Ni saratani, baba. Imeanzia kwenye utumbo, imefika kwenye ini. Dawa ipo ya kukupunguzia, na mimi sikuachi." Sauti ikikukatika ikatike, usisingizie moshi.

Huenda akanyamaza muda mrefu. Usiujaze ukimya wake kwa maneno. Vuta jamvi karibu, endelea kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, mpaka aseme yeye.