Anatania au Amedhamiria?

Mwanafunzi akiniletea simu akasema, "Dada, nitolee kurasa hizi," kwa kawaida sisomi kilichomo. Naprinti, nabana pini, napokea hela. Lakini steshenari yangu iko jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanaosoma siasa huniletea mambo ambayo macho yanagoma kuyapita. Kuna tovuti ya Wamarekani wanaotaka wanawake wanyang'anywe kura. Kuna nyingine ya Waingereza wanaotaka bunge lifungwe, mfalme atawale peke yake. Swali huwa lile lile: "Dada, hawa wako siriasi au wanatania?"

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ukali wa maneno usikuamulie. Mwaka 2005 mtu mmoja, Nathan Poe, katika mabishano ya mtandaoni kuhusu uumbaji, aliandika kwamba mzaha juu ya msimamo mkali, usipowekwa alama ya wazi ya kicheko, hautakosa mtu wa kuuamini. Tangu hapo watu huita hiyo sheria ya Poe. Na kinyume chake ni kweli pia. Kanisa la Westboro Baptist la Topeka, Kansas, lilikuwa likienda kwenye mazishi ya wanajeshi na mabango ya kumshukuru Mungu kwa vifo vyao. Hao hawakutania hata kidogo. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2011 wakashinda kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Halafu kuna Landover Baptist, linalotangaza mtandaoni kwamba wasiookoka hawakaribishwi. Hilo ni la kutunga, ni dhihaka tupu. Mwekee mtu kurasa za makanisa hayo mawili bila majina, na sitashangaa akiapa kwamba la mabango msibani ndilo la mzaha.

Kwa hiyo ukurasa uliosambazwa kwenye grupu uache kwanza. Nenda kwenye kurasa ambazo hakuna aliyezisambaza, zile za zamani, zinazochosha. Ile tovuti ya kura za wanawake tuliipekua na mwanafunzi wangu huku foleni ya kopi ikinuna. Ukurasa wa mbele ulikuwa moto mtupu, ungeweza kuwa wa mchekeshaji yeyote. Chini kabisa, kwenye taarifa za miaka iliyopita, tukakuta mkutano umehamishiwa ukumbi mwingine kwa sababu paa la ule wa kwanza linavuja. Tukakuta mwanachama analalamika kwamba mweka hazina wa zamani hajakabidhi risiti. Tukakuta sanduku la posta, na ombi la michango ya kila mwezi. Mtu anayetania hapotezi muda kuandika habari za risiti. Ile ya mfalme ilikuwa kinyume kabisa: kila aya ina kichekesho chake, fomu ya uanachama inakuuliza una watumishi wangapi na farasi wangapi, na kwenye "Kuhusu sisi", kwa herufi za kumtesa mwenye macho mazima, wamekiri kwamba ni dhihaka.

Tazama pia mahasimu wao. Wenye imani kali ya kweli hugombana zaidi na wenzao kuliko na wapinzani: fulani ametusaliti, kundi lile limelegea. Na tazama kama wenzao wa msimamo huo huo wanawataja kama ndugu.

Sisi huku utani tunaujua vizuri, ndiyo maana mtandao unatuchanganya. Msibani mtani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, akamwita marehemu bahili mbele ya wajane, na hakuna anayekasirika. Mgeni aliyeshuka kwenye basi leo angeita mgambo. Wenyeji wanajua yule ni mtani, ana haki hiyo, na mwakani zamu itakuwa ya upande wa pili. Mtandaoni maneno yanakufikia bila mtani mwenyewe. Hujui ni nani, wa wapi, na kama ana haki ya kukutania.

Hata macho yetu wenyewe yana upande. Stephen Colbert aliendesha kipindi chake Marekani kuanzia 2005 hadi 2014 akiigiza mtangazaji wa mrengo wa kulia asiyesikia la mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State ulionyesha kwamba wahafidhina wengi zaidi waliona anajifanya tu kutania, na kwamba moyoni anamaanisha anachosema. Walicheka vilevile.

Halafu wapo wasiotania na wasioamini chochote. Mwaka 2016, kabla ya uchaguzi wa Marekani, vijana wa mji wa Veles huko Makedonia walifungua tovuti nyingi za kumshabikia Trump zenye habari za kutunga. Walichotaka ni fedha za matangazo. Ukikuta tovuti ya siasa kali imezungukwa na matangazo ya kupunguza kitambi, kila kichwa cha habari kinakusihi ubofye, na hakuna mkutano, ofisi wala mtu, usiumize kichwa kutafuta itikadi.

Wanaonitia wasiwasi ni wale waliodhamiria wakavaa joho la utani. Mwaka 2017 gazeti la mtandaoni la HuffPost lilianika mwongozo wa uandishi wa Daily Stormer, tovuti ya Wanazi mamboleo wa Marekani. Mwongozo uliwataka waandishi waandike kwa namna ambayo mgeni asiweze kujua kama wanatania au la. Umeona ujanja? Ukikasirika, unaambiwa huna ucheshi. Ukicheka, umeshaanza kuzoea.

Hilo si la Wazungu peke yao. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, na sehemu ya mvuto wake ilikuwa muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, wenye mzaha kama wa kijiweni. Mwaka 1994 sauti hizo hizo zilikuwa zikihimiza mauaji. Kesi ya waanzilishi wa redio hiyo ilisikilizwa hapa hapa kwetu, Arusha, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Kwa hiyo mdogo wangu akisema, "Lakini dada, mbona wanachekesha?" namuuliza anayechekwa ni nani. Dhihaka ya kweli humvua nguo yule inayemwigiza: ukimaliza kusoma, anayetaka mfalme ndiye anayeonekana kituko. Kama mwisho wa kicheko ni watu wa kabila, dini au jinsia fulani kuonekana wadudu, basi hiyo si dhihaka, hata wakichora vikatuni.

Habari za kwetu zifanyie hivyo hivyo, hasa zinazokufurahisha. Januari 2016 habari kwamba Eritrea imeamuru kila mwanamume aoe wake wawili au afungwe ilizunguka Afrika nzima. Ilitoka kwenye Crazy Monday, kijarida cha porojo cha Kenya. Machi 2017 TBC ilitangaza kwamba Trump amemsifu Rais Magufuli. Ilikuwa habari ya uongo, na wafanyakazi tisa wakasimamishwa kazi. Sifa huingia ndani bila kubisha hodi.

Na kabla hujaforwadi ukiwa umeandika "hahaha" chini yake, kumbuka ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na kueleza nia yako ukiwa kituoni si kazi ya kuichangamkia.

Wakati mwingine utapekua mpaka bando liishe na bado usijue. Kwa kazi ya darasani hilo halina shida. Usiandike "chama hiki kinaamini", andika "tovuti hii inajitambulisha kama", halafu taja ulichokiona na ambacho hukukiona: anwani, mikutano, majina ya viongozi. Weka tarehe uliyoisoma. Ukurasa wenyewe uhifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ni bure, kwa sababu tovuti za namna hii hubadilika au hufutwa, na humo humo unaweza kuona zilikuwaje zamani. Ile ya kura za wanawake, kwa mfano, tulikuta matoleo yake ya zamani yana ratiba za mikutano tu, bila kelele hata moja.