Yai ambalo halikuwemo

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, hii 'egg on' maana yake nini? Nimeikuta kwenye hadithi, naona mayai tu." Nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Alikuwa amenitonesha kidonda.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mfasiri mchanga mwenye kiburi cha mzoefu. Nikapewa hadithi fupi. Kijana kasimama juu ya ukuta mrefu, anasitasita kuruka, na chini wenzake "egged him on". Sikugusa kamusi. Nikaandika: "Wenzake wakamrushia mayai." Na kwa kuwa sentensi iliyofuata haikuwa na dalili ya yai, nikaongeza langu: akajipangusa uso, akaruka. Hebu fikiria, nimempaka mtu ute wa yai usoni, na kosa lake ni kuwa na marafiki wabaya tu! Mhariri aliizungushia sentensi wino mwekundu, akaandika pembeni: "Mayai?" Basi. Kazi ya pili haikuja, wala simu. Angeweza kunielekeza badala ya kunitosa, lakini yamepita. Hayajapita sana.

Sasa neno lenyewe. "Egg" hii haina undugu na kuku. Ilitoka katika lugha ya Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, kitenzi "eggja", yaani kuchochea, na mzizi wake ni makali ya kisu. Ndugu yake wa Kiingereza ni "edge". Kwa hiyo anayefanya "egg on" anamnoa mwenzake. Yai la kuliwa nalo lilitoka kwa Waviking haohao, ila kwenye mzizi mwingine. Kusini mwa Uingereza walikuwa wakisema "eyren", na mwaka 1490 mchapaji William Caxton alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba "egges", mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Kisa hiki hunipoza moyo. Hata wenye lugha yai liliwahi kuwatoa jasho.

Katika sentensi, anayechochewa hukaa katikati: "they egged him on". Ukiondoa hiyo "on", hapo kweli mayai yanaruka, na hapo ndipo nilipotumbukia. Angalia pia nia. Mwalimu anayekuhimiza usome, hiyo ni "encourage" au "urge". "Egg on" mara nyingi ni ya wale wa chini ya ukuta, wanaokutia mori uruke ilhali mguu utakaovunjika si wao. Sisi tunayo maneno yake, tena matamu: kutia ndimu, kujaza upepo, kuchochea. Leo ningeandika "wenzake wakamjaza upepo" na kulala usingizi wangu.

Ninyi mnaotaka kula kwa kalamu, nisikilizeni. Neno refu litakutisha, utalitafuta. Hili la herufi tatu unalolijua tangu darasa la kwanza ndilo litakalokuumbua. Fungua kamusi. Ukiona kitenzi kimefuatwa na "on", "up" au "off", simama, fungua kamusi. Ukijiona umelielewa bila kamusi, ndiyo hasa saa ya kuifungua.

Yule msomaji nilimjibu haya yote, kwa urefu kuliko alivyoomba. Akarudisha mstari mmoja: "Ahsante kaka, mimi nilishaandika walimkaangia."