Usilipie saraka ya biashara ili upande Google

Kampuni ndogo za utalii za Arusha na Moshi hupokea barua pepe hizi kila mara: lipa ada ya mwaka, tukuweke kwenye saraka yetu ya biashara, yaani tovuti inayoorodhesha kampuni, na tovuti yako itafika ukurasa wa kwanza wa Google. Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za kampuni za aina hiyo, na wenyewe huniuliza kabla ya kutuma hela. Jibu langu halibadiliki: ukilipa ili upande, usilipe. Ukilipa ili upate wateja, tuangalie kwanza.

Ahadi hiyo ina asili yake. Google ilipoanza mwaka 1998, nguvu yake ilikuwa kuhesabu viungo, yaani maandishi ya kubonyeza yanayompeleka msomaji tovuti nyingine. Tovuti nyingine zikielekeza wasomaji kwako, ilichukulia kwamba una jambo la maana. Saraka ya Yahoo ilitoza kampuni dola 299 kwa mwaka, na watu walilipa kwa sababu kiungo kile kilikuwa na uzito. Viungo vilipogeuka bidhaa, Google ikaanza kuvibana. Aprili 2012 ilitoa sasisho lililoitwa Penguin, na tovuti zilizojaza viungo vya kununua zikaporomoka. Tangu toleo la Penguin la 2016, viungo vya aina hiyo mara nyingi vinapuuzwa tu. Yahoo iliifunga saraka yake mwishoni mwa 2014.

Siku hizi kanuni za Google zinataka kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ya nofollow au sponsored, kisihesabike kama kura. Basi saraka inayofuata kanuni haikupandishi, na isiyofuata inakuuzia kitu ambacho Google imekikataza; viungo vya saraka duni vimetajwa humo waziwazi. Kuhakiki ni rahisi. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa kampuni iliyokwisha kulipa, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuona msimbo wa ukurasa, kisha tafuta anwani ya tovuti yake na uone kama jirani nayo pameandikwa nofollow au sponsored.

Lakini nisieleweke vibaya, kwani zipo orodha za kulipia ninazoziunga mkono kwa moyo wote. Uanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii hapa Tanzania, au KATO, chama kama hicho kwa majirani zetu wa Kenya, una ada, na majina ya wanachama yapo kwenye tovuti zao. Mtalii wa Ujerumani anayetakiwa kutuma maelfu ya dola kwa kampuni asiyoijua ana haki ya kutafuta uthibitisho kwamba kampuni hiyo ipo. Ada hiyo inanunua kuaminika, na kwenye biashara yetu hicho ndicho kinachomfanya mgeni alipe amana.

Kwa saraka nyingine zote nina kipimo kimoja. Andika kwenye Google, kwa Kiingereza, maneno ambayo mgeni wako angeandika, tuseme kupanda Kilimanjaro siku saba kwa njia ya Machame. Saraka hiyo inatokea kurasa za mwanzo? Kama inatokea, wasomaji inao, na huenda wakakufikia hata kama kiungo chake hakihesabiki. Kama haionekani, itakuonyeshaje wewe? Ukiamua kulipa, omba iwekwe namba ya simu ya pekee au kiungo chenye alama ya kukuonyesha nani ametokea kwenye saraka hiyo, na kila anayeuliza bei mwulize alikuona wapi. Wasipopatikana wateja hadi mkataba uishe, usiuhuishe. Angalia pia kama kadi yako imewekwa ijikate yenyewe kila mwaka.

Nguvu uliyotaka kuipeleka huko ihamishie kwenye Wasifu wa Biashara kwenye Google, ule ukurasa mdogo wa kampuni yako unaotokea kwenye utafutaji na kwenye ramani ya Google. Ni bure, na Google yenyewe inasema haipokei malipo ili kumpandisha mtu kwenye matokeo ya eneo lake. Inatazama ulinganifu wa biashara yako na kinachotafutwa, umbali na umaarufu. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha ofisi, bila kulirefusha kwa maneno ya kutafutia wateja, kwa kuwa hilo limekatazwa. Namba ya simu iwe ileile kwenye tovuti, Facebook na kila mahali. Halafu ile pini ya ramani! Ofisi zetu nyingi zina S.L.P. na maelezo ya "mkabala na", kwa hiyo pini ikikaa mtaa wa pili mgeni hakupati. Simama mlangoni uisahihishe mwenyewe. Maoni yaombe siku ya mwisho ya safari, mgeni akiwa bado na furaha, na usimpe punguzo ili aandike, maana nalo ni kosa.

Kama umeshalipia saraka, usihangaike kufuta kiungo. Hakikisha tu jina na namba zilizoandikwa huko ni sahihi, kisha acha muda uishe.