Kwa binti anayeuliza kama utafiti wa usugu wa dawa una maisha

Mwanangu, umeandika kwamba umemaliza shahada ya maikrobayolojia na una barua mbili mkononi: moja ya kampuni inayouza vifaa vya hospitali hapa Mombasa, nyingine ya nafasi ya uzamili kwenye utafiti wa bakteria sugu. Nyumbani wanakwambia utafiti hauleti unga. Mimi niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na saba sasa, karibu yote hapa Pwani, basi nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza ujue siku yenyewe inavyokwenda. Mkojo, damu au usaha unaletwa, unaotesha. Kesho yake unachota vimelea vilivyoota, unavikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ufike nusu makfalandi, kipimo cha uzito wa ukungu huo, unapaka sahani ya agari ya Mueller-Hinton (ute mgumu wa kuoteshea bakteria), unapachika diski za dawa, yaani vikaratasi vidogo vilivyolowekwa dawa, unafungia inkubeta nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi unarudi na rula. Pale ambapo bakteria hawakuota kuzunguka diski ndipo dawa imeshinda. Kwa E. koli, bakteria wa utumbo, na seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, duara la milimita 23 kwenda juu dawa inafaa. 19 kwenda chini, kimelea ni sugu. Yaani daktari ataambiwa "mpe" au "usimpe" kwa tofauti ya milimita nne.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaribia kuwadanganya watu kwa milimita hizo. Ilikuwa kaskazi, joto lile unalolijua, hewa nzito ya maji mpaka kuta za maabara zinatoka jasho. Vimelea vyangu vikawa sugu kwa seftriaksoni kimoja baada ya kingine. Nikafurahi, wallahi, nikaona nimevumbua jambo, nikaanza kuandika. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa maabara pale kabla sijazaliwa, akanitazama nikifanya kazi kisha akaniuliza: "Diski ukizitoa kwenye friji wazifungua papo hapo?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nimtolee kimelea cha kontroli, kile cha kuhakikisha kipimo chenyewe ni sahihi.

Kontroli yetu ni E. koli ATCC 25922, ambaye tabia yake inajulikana dunia nzima. Kwa diski ya seftriaksoni ya mikrogramu 30, duara lake lazima liangukie kati ya milimita 29 na 35. Langu likaja 24. Chupa baridi ikifunguliwa kwenye hewa ya Mombasa, unyevu huganda juu ya diski, na dawa za jamii ya penisilini zikipata maji huvunjika. Dawa ikipungua nguvu, duara hupungua. Kumbe usugu ule nilikuwa nikiutengeneza mwenyewe kwa kifuniko cha chupa. Kazi ya miezi mitatu nilirudia yote, na vimelea vingi nilivyoviita sugu havikuwa sugu. Tangu siku hiyo diski zangu hukaa na chembe za kunyonya unyevu, na zikitoka kwenye friji hazifunguliwi mpaka chupa ishike joto la chumba, saa nzima. Agari nayo imiminwe kina cha milimita nne. Ukiibania ili unga uenee sahani nyingi, duara litapanuka na utawaambia watu dawa inafanya kazi ilhali haifanyi. Kosa hilo la pili naliogopa zaidi.

Jambo la pili ni gumu kwangu kulisema. Miaka fulani baadaye tulichukua vimelea vya damu za watoto wachanga katika hospitali moja. Mpango wa utafiti ulisema tuvigandishe, tuje kuvipima vyote pamoja mwisho wa mwaka, kwa kuwa ni nafuu na takwimu zinapendeza. Tulipovipima nikakuta Klebsiella (aina moja ya bakteria) za wiki tatu mfululizo zinafanana: sugu kwa jentamaisini, sugu kwa seftriaksoni, lakini amikasini, dawa nyingine, bado yaziua. Nikapeleka majedwali wadini. Muuguzi mkuu akafungua daftari lake, akanisomea tarehe za watoto wale moja moja na vitanda vyao. Amikasini ilikuwa kabatini wakati wote ule. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mngetuambia."

Sijatia saini mpango wowote tena ambao majibu yake hayarudi wadini wiki ileile. Nimekosa fedha mara mbili kwa sababu hiyo na nitakosa tena ikibidi.

Kuhusu sayansi yenyewe, hutachoka nayo. Zile Klebsiella hutoa kimeng'enya kinachokata pete ya dawa, na jeni yake mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpa jirani yake, hata jirani wa aina nyingine, na ndani ya kipande hichohicho huwamo usugu wa dawa tatu nne. Jeni ya NDM-1, inayoshinda hata karbapenemu, dawa za akiba za mwisho, ilielezwa 2009 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi. Kufikia 2011 ilishaandikwa kutoka Nairobi. Kwa mwaka 2019 pekee watafiti walikadiria vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na hali mbaya kuliko zote ni kwetu Afrika, kusini mwa Sahara.

Utasikia sana kwamba lawama ni za mtu wa Kongowea aliyenunua tembe nne za rangi mbili akaacha dozi nusu. Tembe zile zina mchango wake, sikatai. Lakini mimi nimeotesha maji ya visima vya mtaani vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na nimeotesha sinki la wadi. Mtoto wa siku mbili hajaacha dozi yoyote. Usugu wake aliupata kwenye mikono, maji na vyombo vilivyomzunguka. Ukija kwenye kazi hii, njoo na swali hilo pia, usiishie kwenye duka la dawa.

Fedha: nyumbani hawakosei sana. Mikataba ni ya mradi, mwaka mmoja au miwili, na mradi ukiisha unaanza kubisha hodi upya. Sehemu kubwa ya fedha hutoka nje. 2025 Uingereza ilitangaza kuufungia bomba Mfuko wa Fleming, uliokuwa ukizisaidia maabara nyingi za Afrika na Asia, na wenzetu wengi walihisi. Pia kabla hujagusa sampuli kuna kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, basi miezi ya kusubiri uihesabu kwenye bajeti yako ya kula. Lakini huna haja ya kuhama Pwani: Kilifi pana Chuo Kikuu cha Pwani na pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, ni mwendo wa matatu.

Kwa hiyo usiijibu barua ile ya uzamili kwanza. Nenda kwenye hiyo maabara asubuhi, bila miadi ndefu, uombe kuona daftari la kontroli la miezi mitatu iliyopita. Kisha muulize msimamizi majibu ya vimelea humfikia nani, na baada ya siku ngapi. Ukishayapata, niandikie hapa nikusaidie kuyasoma.