Limfositi zako hazijapanda

Mwanangu Wambui,

Umenitumia majibu ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, uliyopimwa huko Eastleigh, ukauliza kama limfositi 52% zenye alama ya kupanda na neutrofili 38% zenye alama ya kushuka ni dalili ya ugonjwa mbaya.

Usianzie kwenye asilimia, anza na jumla. Limfositi na neutrofili ni aina za chembe nyeupe za damu, zile za kinga, na chembe nyeupe zako zote ni 3,600 katika kila mikrolita. Asilimia 52 ya hizo ni limfositi 1,870 hivi, na mtu mzima huwa nazo kati ya 1,000 na 4,000. Ni kama githeri: ukitoa mahindi, maharagwe yataonekana mengi na hujaongeza hata moja.

Zilizo chache ni neutrofili, yapata 1,370. Kiini chake kimegawanyika vipande viwili hadi vitano vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba, ndiyo maana hupenya kwa urahisi ukutani mwa mishipa midogo kuwafuata bakteria. Huwameza, huwaua kwa vimeng'enya, kisha hufa zenyewe. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa. Sasa sikiliza, mama: Waafrika wengi wenye afya njema wana neutrofili chache kuliko Wazungu, kwa sababu ya jeni iitwayo Duffy, na viwango vinavyochapishwa kwenye majibu mara nyingi havizingatii hilo. Kwa mtu asiyeumwa, 1,370 hainitishi. Zikishuka chini ya 500, hapo ni hatari kweli.

Limfositi ni ndogo, kiini cha mviringo kinakaribia kuijaza seli yote. Aina ya B hutengeneza kingamwili. Za T, nyingine huua seli zenye virusi, na nyingine, CD4, huongoza kinga. Hizo ndizo VVU hushambulia. Kwa darubini ya kawaida B na T hazitofautishiki, kwa hiyo hemogramu haiwezi kukupa CD4.

Zipo na aina nyingine tatu. Monositi ndizo kubwa kuliko chembe nyeupe zote. Zikitoka kwenye damu huingia kwenye tishu za mwili zikawa makrofaji, zinazomeza hata vijidudu vya kifua kikuu. Eosinofili zina vipunje vya rangi ya chungwa, na huongezeka kwa minyoo, pumu na mzio. Basofili hazifiki hata 1%.

Rudia kipimo baada ya wiki tatu, na uombe damu iangaliwe pia kwa darubini. Kioo kinachopakwa damu hiyo kitengenezwe mapema, kwa sababu damu ikikaa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau seli huanza kuharibika. Tena mpimaji asihesabu katikati ya kioo peke yake: neutrofili na monositi husukumwa pembeni na mwishoni, limfositi zikabaki katikati, na utaambiwa tena zimezidi.

Ukipata homa ya 38 au zaidi kabla ya hapo, usingoje hizo wiki tatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na majibu haya mkononi.

Mama